Gaudiosus na Glasi Isiyoonjwa

Weka jogoo wako hapo, na mimi naweka beberu wangu, yule mwenye ndevu: hutaamini. Watu wa Kibingo nimewasimulia wakasema nimekunywa. Watu wa Rubwera wakaniuliza kama nimelala vizuri. Sasa kaa chini usikilize, ila jogoo mfunge kamba kabisa, maana wanaoshindwa na mimi huwa wanaanza kutafuta njia.

Gaudiosus wa Isingiro alikuwa mkanyagaji. Kama unatoka mbali nikueleze. Pombe yetu, rubisi, haitengenezwi kwa maneno. Unavundika ndizi mpaka ziive, unazimenya, unazimwaga kwenye mtumbwi wa pombe, yaani gogo lililochongwa, refu kama jeneza la watu wawili. Unatia nyasi. Halafu anaingia mtu mwenye miguu iliyooshwa, anakanyaga mpaka maji yote ya ndizi yatoke. Ndizi iliyopondeka na nyasi inateleza kuliko sabuni. Wengine wakiingia humo wanashika mti, wanashika ukuta, wanamshika mke wa mwenye nyumba, ugomvi unaanza. Gaudiosus hakushika kitu. Alikanyaga mikono ikiwa nyuma kama mkaguzi wa shule, huku anasimulia uongo wake. Alisema aliwahi kukanyaga mitumbwi mitatu kwa wakati mmoja. Walipomuuliza mguu wa tatu aliupata wapi, akasema aliuazima Karagwe na akaurudisha siku hiyohiyo.

Halafu ikaja mashine. Kikundi cha vijana kilinunua mashine ya kukamulia ndizi, ya mpini wa kuzungusha, wanaifunga nyuma ya bodaboda wanaipeleka popote. Mashine haiombi supu. Haisimulii uongo. Haimwangalii mke wa mtu. Msimu mzima Gaudiosus aliitwa na mjane mmoja tu, siku mashine ilipoharibika, na alipofika akakuta imeshapona, akarudi. Akawa anakaa nje ya nyumba yake, miguu misafi kama ya bwana harusi, hana pa kuipeleka. Kemirembe mkewe akaanza kumtuma chumvi dukani. Mwanamume aliyekuwa anagombewa na vijiji viwili, anatumwa chumvi! Hilo lilimuuma kuliko njaa. Akajiapia kwamba kazi yoyote itakayokuja, hata iwe ya kuchunga nyuki, ataishika kwa meno.

Duka lenyewe lilikuwa la Mzee Gharib, pale senta ya Isingiro. Babu yake Gharib alitoka Pangani na mzigo wa vitambaa, akasema anapita tu, na mpaka leo ukoo mzima unapita tu. Siku hiyo ya chumvi Gaudiosus alikuta dukani kijana mgeni, shati jeupe, saa kubwa, ananukia kama msikiti siku ya Idi. Alikuwa Mudathir, mpwa wake Gharib, amekuja kwenye harusi ya Nusra, binti wa mjomba wake.

Mudathir alikuwa mkubwa wa wahudumu kwenye yoti. Wazee waliokuwa dukani wakataka kujua yoti ni mdudu gani. Akawaeleza kuwa ni meli nyeupe ya tajiri mmoja, ndefu kama shule ya msingi pamoja na vyoo vyake. Haibebi mzigo, haivui samaki, haipeleki mtu popote. Inazunguka baharini, tajiri amelala juu yake anaota jua, halafu inarudi ilikotoka. Wazee wakamuuliza mara mbili kama hata mkaa haibebi. Akasema hata mkaa. Wakamwonea huruma huyo tajiri, wakasema hakuzaliwa na watu wenye akili.

Sasa Mudathir alikuwa na shida. Mhudumu wake mmoja alikuwa amekimbia, na yule wa kabla yake alikimbia pia. Vijana wa pwani, alisema, meli ikigusa bandari tu wanaruka, maana kila bandari wana shangazi. Kapteni kachoka. Kamwambia safari hii alete mtu wa bara kabisa, mtu ambaye akishushwa bandarini hajui hata akimbilie upande gani.

"Huyo mtu ni mimi," Gaudiosus akasema, chumvi mkononi. "Mimi hata Bukoba nilipotea."

Mudathir akamtazama. Akamwambia kazi si mchezo. Sakafu ya meli, ile inayoitwa sitaha, ni ya mbao za thamani, imelowa, inayumba mchana na usiku, na mtu anatembea juu yake na sinia la glasi zilizojaa bila kumwaga tone. Na viatu ni marufuku, kila mtu peku, tajiri peku, kapteni peku, maana ukikwaruza mbao zile umekwaruza kazi yako.

Waliokuwepo wanasema Gaudiosus aliposikia neno peku aliitazama miguu yake kama mtu anayemtazama mtoto wake aliyefaulu mtihani.

Jaribio likafanyika kesho yake kwa Rwegoshora, kaka yake Kemirembe, kwa sababu shamba lake lina mteremko ambao hata mvua huogopa kuupanda. Wakautoa mtumbwi wa pombe, wakaulaza juu ya vigogo vya migomba uweze kubingirika. Mudathir alitaka umwagiwe maji. Watu wa Isingiro wakasema maji ni upendeleo, wakamwaga ndizi zilizopondwa na nyasi zake, haki itendeke. Chini kabisa, karibu na mikeka ya kuanikia kahawa, Mudathir akaketi kwenye kiti cha plastiki akawa ndiye tajiri.

Edgar wa bodaboda aliomba kujaribu kwanza. Akaanguka kabla mtumbwi haujasukumwa, akalaumu upepo.

Gaudiosus akanawa miguu, akaingia, akapewa sinia lenye glasi za juisi ya pesheni zilizojaa mpaka mdomoni. Wakausukuma. Bwana, ule mtumbwi ulishuka kama umesikia msiba. Ulipita kwenye migomba, ukaangusha mkungu uliokuwa haujakomaa, ukapita mlangoni mwa jiko ambako mke wa Rwegoshora alikuwa anageuza matoke, akaona shemeji yake anapita wima na sinia akamsalimia, naye Gaudiosus akaitikia. Mbuzi wawili walikata kamba. Katekista aliyekuwa anakuja na baiskeli aliingia kwenye mahindi kwa hiari yake. Na Gaudiosus juu ya mtumbwi, mkono mmoja nyuma, mwingine sinia, vidole vya miguu vimetawanyika vimeshika ndizi kama mizizi. Mtumbwi ukaingia kwenye kahawa ya watu, ukasimama. Juisi haikumwagika hata ya kumtosha nzi.

Mudathir alikuwa amesimama mwenyewe bila kujijua. Gaudiosus akashuka, akasogea, akatua sinia chini, akainama kidogo. Akachukua glasi moja. Akapiga funda. Akameza, akasubiri kidogo, akafuta ukingo wa glasi kwa kidole gumba, ndipo akampa kwa mikono miwili.

"Karibu waitu," akasema, neno letu la kumheshimu mtu.

Mudathir akaitazama glasi kana kwamba kuna chura ndani.

"Umekunywa," akasema.

"Nimeonja."

"Umekunywa kwenye glasi ya tajiri."

"Sasa ningempa bila kuonja? Kwani nina ugomvi naye?"

Watu wote wakamtazama Mudathir kwa mshangao, na hapo ndipo unajua kwamba kijana wa watu alikulia mbali. Huku kwetu hakuna anayempa mgeni kinywaji asichokionja yeye kwanza. Mwenye nyumba anaonja ili mgeni ajue hakuna sumu, hakuna chuki, hakuna jambo. Ukinipa kibuyu ambacho mdomo wako haujagusa, mimi sikuulizi ladha, nakuuliza nimekukosea nini. Hata mtoto anayetembea kwa kushika ukuta anajua.

Mudathir akajaribu kueleza kwamba kule duniani ni kinyume. Ukionja glasi ya tajiri unashushwa bandari inayofuata, na mabegi yako yanarushwa nyuma yako.

"Na akifa?" Gaudiosus akauliza.

"Hafi."

"Utajuaje, na hujaonja?"

Mudathir akaiweka glasi chini. Akasema miguu ameipenda, hajawahi kuona miguu kama hiyo tangu azaliwe, lakini baada ya harusi Kapteni atamtazama Gaudiosus mwenyewe kwa simu ya picha. Siku hiyo glasi ikigusa mdomo wake, basi arudi akanunue chumvi.

Kwa hiyo Gaudiosus akarudi nyumbani na kazi moja tu: kuufundisha mkono wake upite mbele ya mdomo bila kusimama. Wewe unaona rahisi. Jaribu kupiga chafya macho wazi.

Jioni hiyo akamimina rubisi kali kwenye glasi, akaiweka kwenye sinia, akamwendea Kemirembe aliyekuwa anachambua maharage. Akanyoosha mkono moja kwa moja, uso umekaza kama anachomwa sindano. Kemirembe akaiangalia glasi. Akamwangalia mume wake.

"Baba Ainembabazi, umenichoka?"

Akamwambia hapana, ni mazoezi ya kazi, tajiri ndivyo anavyotaka. Kemirembe akauliza ni tajiri gani huyo anayemtuma mtu ampe mke wake wa ndoa kitu ambacho mwenyewe anaogopa kukigusa. Gaudiosus akasema haogopi. Kemirembe akasema basi onja. Gaudiosus akasema hawezi, akionja amekosa kazi. Ebu sikia maneno hayo kwa masikio ya mwanamke. Kemirembe akasukuma maharage pembeni. Akaimwaga ile glasi kwenye kibakuli cha kuku.

Tetea akaja akanywa. Ilikuwa rubisi kali kweli, mimi naijua, imewahi kumlaza sungusungu mwenye rungu. Tetea akainua kichwa, akaitazama dunia, akaegemea jiwe, akaanguka ubavu, miguu juu. Kemirembe akafunga kitenge kiunoni, akamchukua tetea kama ushahidi, akaenda kwa kaka yake.

Ukoo ukakaa. Rwegoshora, ambaye mkungu wake ulikuwa umeangushwa na mtumbwi, hakuwa na moyo mweupe kabisa. Tetea akalazwa katikati. Gaudiosus akaeleza habari ya yoti tangu mwanzo, na kwa kuwa mdomo wake umezoea kuongeza, akaongeza, akasema tajiri mwenyewe amempigia simu kumbembeleza. Ukweli ukazama hapohapo. Mtu akisema uongo miaka yote, siku amebeba ukweli hata yeye unamteleza. Wakamwambia kama haina sumu anywe iliyobaki mbele yao. Akanywa yote, akaomba nyingine. Wakati wanabishana kama sumu ya kuku inaweza isimdhuru mtu, tetea akaamka, akatembea upande, akapanda kwenye mguu wa Rwegoshora akataga. Kesi ikaisha. Lakini hukumu ikatoka: Gaudiosus asifanye mazoezi hayo tena kwa mtu yeyote wa ukoo, wala wa ukweni, wala jirani anayekula naye.

Akabaki na migomba. Kuanzia asubuhi utamkuta shambani na sinia, anainamia mgomba mmoja, anausalimia, anaunyooshea glasi, anahamia unaofuata. Mdomo ulikuwa bado unajitokeza wenyewe kama wa mtoto wa ndege, akaufunga kwa kitambaa. Wapita njia wakawa wanazunguka mbali. Hata wale vijana wa mashine walipita wakazima pikipiki, wakamtazama, wakaondoka polepole bila kumcheka, na hilo lilimtisha zaidi. Lakini hakuacha. Alijua akikosa hii, kilichobaki ni baraza na miguu misafi mpaka afe.

Siku ikafika. Sebule ya Mzee Gharib ikamwagiwa maji na sabuni iwe sitaha. Gharib akawa tajiri: kanzu ya harusi, miwani myeusi ya mkwewe, miguu peku juu ya stuli. Nusra, bibi harusi mwenyewe, hina bado mbichi, akashika simu. Upande wa pili akatokea Kapteni, na alikuwa mwanamke wa Kizungu, nywele fupi, uso umechomwa na jua, hacheki. Gaudiosus akaiamkia simu, "Shikamoo mama." Mudathir akatafsiri. Kapteni akasema kitu kifupi, Mudathir akasema ameitikia, mimi nadhani hakuitikia.

Madirishani Isingiro yote ilikuwa imejaa. Kemirembe alikuwepo, mikono kifuani, bado na kinyongo cha kuku.

Gaudiosus akaingia na sinia la glasi za juisi. Sabuni chini, hakutikisika. Akafika mbele ya tajiri, akainama, akashika glasi. Mkono ukaanza kupanda. Ulipofika usawa wa kidevu, mdomo ukafunguka kidogo, nakwambia tuliuona, na jasho likamshuka. Mkono ukapita. Ukapita mbele ya mdomo kama basi linalopita kituo abiria wamesimama na mizigo, ukaenda ukafika mkononi mwa Gharib. Glasi nzima. Haijaguswa. Mudathir akafumba macho akamshukuru Mungu.

Gharib hakunywa.

Akaishika tu ile glasi, anaitazama juu ya miwani. Mudathir akamnong'oneza, "Mjomba, kunywa."

"Hajaonja," Gharib akasema.

"Mjomba, ndivyo inavyotakiwa."

"Sikiliza Mudathir. Mimi nimezaliwa hapa. Nimekula kwa watu hawa misiba na harusi, hakuna mtu amewahi kunipa kitu kikavu namna hii. Leo ndio nife, mbele ya simu, nimevaa miwani ya mtu? Onja bwana."

Madirishani wakaunga mkono wote, na Kemirembe kwa sauti kuliko wote. Mudathir akawa anamkonyeza Gaudiosus asithubutu. Kapteni akawa anauliza kitu kwenye simu, anarudia. Na Gaudiosus kasimama katikati. Mkono wake ulikuwa umeshinda. Siku zote zile za kuinamia migomba zilikuwa zimelipa, kazi ilikuwa pale, angeweza kuigusa. Alichotakiwa ni kusimama tu kama mlingoti, amwache mzee wa watu na hofu yake.

Akamtazama Gharib. Mzee alikuwa amevua miwani, amemnyooshea glasi.

Akaichukua, akapiga funda, akameza, akafuta ukingo kwa kidole gumba. "Karibu waitu," akasema. Gharib akanywa yote bila kupumua, akasema alhamdulillahi.

Nusra alicheka mpaka simu ikamshuka mkononi, ikabaki inatazama sakafu. Mudathir akaanza kueleza kwa Kiingereza, akaeleza muda mrefu, mikono inaonyesha glasi, inaonyesha koo, inaonyesha mtu amelala. Kapteni hakumsikiliza. Akasema maneno mawili, akayarudia.

"Anasema nini?" Gaudiosus akauliza. Alikuwa ameshaweka sinia chini.

"Anasema simu isiinuliwe. Anasema anataka kuona miguu."

Wakamtembeza. Akatembea kwenye sabuni kwenda na kurudi, akageuka kwa kisigino, akasimama kwa mguu mmoja, na kwa kuwa ni Gaudiosus akakanyaga kidogo vile anavyokanyaga ndizi, haraka halafu polepole, vidole vinafunguka na kufunga. Kapteni ndipo akacheka. Akaongea, na Mudathir akatafsiri huku haamini.

"Amesema glasi usiguse. Ya tajiri, ya mgeni, hata ya maji, hata ikiwa tupu. Ukiona glasi, geuka uende upande mwingine. Amesema sitaha ndiyo yako. Kuiosha, kuisugua, kuikausha, asubuhi na jioni. Mbao zile hajaona mtu wa kuzitembelea namna hiyo."

Gaudiosus akauliza kama kwenye kuosha kuna mtu atatumwa chumvi. Mudathir akasema chumvi kule iko pande zote.

Akaenda. Alipita kwanza Dar es Salaam kwenye mafunzo ya mabaharia, wakamtupa kwenye bwawa akajifunza kuogelea kwa hasira, wakampa vyeti. Akapanda. Ametuma picha amesimama peku kwenye mbao zinazong'aa, nyuma bluu tupu, na Rwegoshora anashikilia kwamba ile bluu ni ukuta wa studio ya Rubwera. Mudathir anasema mabaharia wenzake sasa hawanywi chai mpaka Gaudiosus aonje, imekuwa sheria huko chini wanakolala, na Kapteni anajifanya hajui. Kemirembe akipokea simu yake huwa anatoka nje, anaongea kwa sauti ili majirani wasikie neno sitaha. Chumvi anaifuata mwenyewe.

Jambo moja Gaudiosus alikosea. Alimwahidi Kemirembe atakuwa nyumbani Krismasi. Krismasi ndiyo wakati matajiri wanapanda meli zao. Hakuja.